Pete ya Nyota na Kwaya ya Papa Carine

Mume wangu Albert hakuwahi kusifu wimbo hata mmoja. Miaka yote aliyoongoza kwaya ya parokia yetu hapa Likasi, wimbo ukiisha na watu wakiwa bado wanapangusa machozi, yeye alikuwa ameshakunja uso na kunyoosha kidole: soprano mmekimbia, besi mmelala, tuanze upya. Askofu alipokuja kwa kipaimara, akampa mkono na kumwambia kwaya yake inapendeza, Albert alimjibu kwamba tenori wana ugonjwa wa uvivu. Nilitamani ardhi inimeze. Binti yetu Carine alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ndiye aliyekosolewa kuliko wote, na alijua maana yake: baba yake akikukosoa, basi amekusikia.

Mimi naitwa Martine, lakini jina hilo lilibaki kwa makarani na mapadri. Siku Carine alipozaliwa nilikuwa Mama Carine, na Albert akawa Papa Carine, kama ilivyo kwa kila nyumba mtaani kwetu. Baadaye Jenny akazaliwa, lakini jina la mtoto wa kwanza ndilo linalokaa. Naomba mlikumbuke hilo, maana Albert alikuja kulichezea, na mimi sijamaliza kumkasirikia.

Alikuwa mwalimu wa fizikia. Mwaka uliofuata ule uporaji wa askari, walipovunja maduka kwa kukosa mishahara, mshahara wa serikali ulikuwa hadithi ya kuwalazia watoto. Kiwanda cha shaba kilikuwa kinazimika kidogo kidogo, kantini ya wafanyakazi ilifungwa, na sisi tuliishi kwa maandazi yangu niliyouza mbele ya soko. Maji yalikuwa shingoni. Na katika hali hiyo Padri Adrien, mzee wa Kibelgiji aliyekuwa anafungasha virago kurudi kwao, alimwachia Albert gazeti lenye picha za mbinguni. Wengine mapadri waliwaachia friji. Mume wangu aliachiwa galaksi.

Nikatoka nje asubuhi moja nikamkuta ameinama juu ya beseni langu kubwa la maji, Carine pembeni yake, na juu ya maji ametandaza unga mweupe, laini, mzuri kabisa.

“Albert! Ile bunga njo ya beignets ya kesho!”

“Nitakurudishia yote, Mama Carine. Kuya uone kwanza.”

“Nione nini? Njaa?”

“Kuya uone.”

Alikuwa na ndimu mkononi. Akaiachia katikati ya beseni. Unga ukakimbia pale katikati, ukajikusanya kuwa duara, duara likapanuka likienda ukingoni, na katikati maji yakabaki meusi. Carine akapiga kofi. Mimi nilikuwa nahesabu maandazi.

Ndipo akatuonyesha picha. Ilikuwa gurudumu la mwanga, pete ya rangi ya buluu yenye madoa makali, katikati kidoa kidogo cha njano, na nyuzi nyembamba sana zikiunganisha kidoa na pete. Albert akasema kila doa lile ni maelfu ya nyota, na pete nzima ni kubwa kuliko galaksi yetu, Njia ya Maziwa. Zamani, alisema, hii ilikuwa galaksi ya kawaida, bapa na yenye kujaa. Kisha galaksi nyingine ndogo ikaja mbio na kuipasua katikati.

“Na nyota ya ile kubwa?” Carine akauliza. “Inavunjika?”

“Hapana. Nyota iko mbali-mbali sana. Ile galaksi mbili inapitana, na hata nyota moja haigongane na ingine.”

“Sasa kama hakuna mwenye anagongwa, juu ya nini yote inatoka katikati?”

Albert alimtazama mtoto wake kwa furaha ambayo alikuwa haionyeshi kanisani. Akamweleza. Ni uvutano. Ile ndogo inapopita katikati, uzito wake unazivuta nyota zote kwanza kuingia ndani. Zinasogea, zinabanana, ungedhani galaksi imepata nguvu mpya. Kisha mgeni anaondoka upande wa pili na uzito wake, na zile nyota zilizokuwa zinaingia zinajikuta hazina kilichokuwa kinazivuta, zinarudi nje kwa kasi na kupitiliza mahali zilipokuwa. Hapo wimbi linaanza kutoka katikati kwenda pembeni. Linasukuma gesi, gesi inabanwa, na mahali ilipobanwa zinazaliwa nyota mpya, kubwa, za buluu. Pete yote inawaka. Katikati zinabaki nyota chache za zamani, zile za njano.

“Beseni inadanganya kidogo,” akasema. “Mayi inasukuma inje mara moja. Ile ya kweli inaanza na kuvuta mu ndani.”

“Na huyu mwenye kupita, njo gani?” nikamuuliza, maana pembeni ya gurudumu kulikuwa na galaksi mbili ndogo.

“Hata bafundi ya mbinguni habayakubaliana bado.”

“Njo huyu,” nikasema, nikigusa ile iliyokaa kama haijui lolote. Carine alicheka. Nikachota ule unga, nikaukanda hivyo hivyo, na kesho yake watu wa sokoni wakala maandazi yaliyowahi kuwa galaksi.

Elie alikuja mwanzoni mwa Kwaresima. Kijana kutoka Lubumbashi, mpole, shati safi, gitaa mgongoni. Alikuwa anakaa kwa shangazi yake na anaongoza kikundi cha sala nyumbani kwa watu. Akaja kumwomba Albert aruhusiwe kupiga gitaa kwenye kwaya.

“Papa Carine, minye sikukuya kuharibu kazi yenu,” alisema. “Niko na gitare tu.”

Na kweli, nitasema haki, Elie hakumgusa mtu. Hakumsema vibaya Albert, hakumsema vibaya padri. Alikaa tu pale katikati na gitaa lake, na watu wakaanza kuja. Kwaya ilikuwa imepungua sana. Nusu ya besi walikuwa Wakasai waliofukuzwa Katanga, na treni ilishawachukua, katika siku ambazo mpaka leo nikipita stesheni natazama upande mwingine. Sasa benchi zikajaa tena. Walirudi waliokuwa wamekata tamaa, walikuja vijana wasiokuwa na kazi, walikuja wachimbaji na vumbi lao la kijani kichwani. Pasaka ile, watu walisimama nje ya kanisa kusikiliza. Carine aliimba mstari wake peke yake mpaka mwili ukanisisimka. Albert akamwambia alipumua mahali pasipofaa, kisha akarudi nyumbani anapiga mluzi.

“Papa Carine,” nikamwambia nikimwekea bukari, ugali wetu, “si ulisema inaanza na kuvuta mu ndani?”

Akacheka. “Wale beko bantu, Mama Carine. Habako gesi.”

Elie akaondoka baada ya Pasaka. Alisema Roho amemwita Kambove, huko wachimbaji hawana mtu wa kuwaombea. Hakumwita mtu amfuate. Lakini Jumapili iliyofuata soprano wawili hawakuja, na iliyofuata wakakosekana tenori karibu wote. Walikuwa wameonja kitu. Walikuwa na njaa, kazi imekwisha, na Elie aliwaambia wapige makofi na walie kwa sauti, wakati Albert alikuwa anawaambia wahesabu vipimo. Mimi siwalaumu sana. Ukiwa na njaa, kulia kwa sauti kunasaidia.

Kisha Carine akasema anaenda.

Alikuwa amesimama mlangoni, jua linawaka nje, mfuko wake mdogo mkononi. Albert alikuwa mezani na nota zake. Wala hakuinua macho.

“Kule bananiita juu ya kufundisha kuimba,” Carine akasema. “Habana hata muntu moja wa kubafundisha. Wimbo yako, Papa. Nitabafundisha wimbo yako.”

“Wimbo yangu haiko ya makofi.”

“Papa, kuya unisikilize kwanza. Kama iko mbaya, utasema iko mbaya.”

“Ukipita ile mulango, Carine, minye siko tena papa yako.”

Nikamshika mkono yule msichana, nikamwachia, nikamshika tena. Nikamwambia Albert afunge mdomo wake. Hakuna aliyenisikiliza. Carine alimtazama baba yake kwa muda, akingoja labda amkosoe kitu, hata namna alivyovaa kilemba, kitu chochote. Albert aligeuza ukurasa. Mtoto akatoka.

Jioni, wakati wa kuomba chumvi, Albert akaniita Mama Jenny.

Nilidhani ulimi umeteleza. Kesho yake akarudia. Mbele ya majirani, mbele ya padri: Mama Jenny. Mwanamke mmoja sokoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama Carine amefariki, maana huku kwetu mtu habadilishwi jina hivi hivi. Nilirudi nyumbani nikichemka. Nilimwambia Albert mambo ambayo sitayaandika. Alinuna, lakini hakurudisha jina. Na watu, mnajua watu, wakazoea.

Miezi ikapita, mwaka ukapita. Kwaya yetu ilibaki wazee: Mama Henriette mwenye sauti nzito, wajane wawili watatu, na fundi mmoja wa saa aliyekuwa anasinzia wakati wa zaburi. Albert aliwaongoza vilevile, anawakosoa vilevile, nao wakamvumilia kwa sababu wanampenda.

Lakini huko nje mambo yalikuwa yanawaka. Mtu akija kutoka Kakontwe alituambia wapasua mawe wana kwaya, na wanaimba Sanctus ya Mwalimu Albert, ule “Mtakatifu” wake wa Kilatini, ila kwa ngoma. Mtu akija kutoka Buluo alisema kuna wanawake wanaowaombea wafungwa, na wanaimba Bwana Utuhurumie ile ile, sauti zote nne, mpaka askari wa gereza wanatulia. Wote walikuwa waimbaji wetu waliotawanyika. Na Kambove, walisema, Kambove kuna binti mmoja, anaongoza watu mia kwa vidole viwili.

Albert alisikiliza habari hizo akiwa amegeukia ukuta. Nilikuwa namwona mgongoni kwamba anafurahi. Kisha mgeni akiondoka alisema, “Bataharibu ile Sanctus,” na kutoka nje.

Carine hakuacha kutuma. Kila lori la Kambove lilileta kitu: viazi vitamu, kumbikumbi waliokaushwa, mara moja kuku mzima aliyenidonoa. Na kila mara ujumbe uleule mdomoni mwa dereva: Papa aje asikilize. Albert alikula viazi. Hakuuliza vimetoka wapi.

Elie mwenyewe hakukaa Kambove. Alipita. Alikwenda Kolwezi, kisha tukasikia yuko Zambia, na sidhani aligeuka nyuma kutazama alichoacha. Siku niliposikia hivyo nilivaa viatu.

“Twende,” nikamwambia Albert. “Ule kijana hayuko tena. Carine eko yeye peke yake na bale bantu. Twende tumuone.”

Akaenda akalichukua lile gazeti. Mungu wangu, lile gazeti! Akanionyesha zile nyuzi nyembamba kati ya pete na kidoa.

“Unaona hii? Bamoja banasema njo gesi inarudi. Ile yenye ilitupwa inje, inaanza kurudi pa katikati, polepole. Hauendake kuifuata. Inarudi yenyewe.”

“Miaka ngapi, Albert?”

“Ee… milioni mingi. Mia, mia mbili, hata zaidi…”

“Minye siko na milioni! Niko na mutoto mumoja ku Kambove na miguu mbili!”

Akakunja gazeti taratibu, kama mtu anayekunja sanda. Na mimi ndipo hasira ikanipanda kweli. Wakati wa kujihadhari, watu walikuwa si gesi. Sasa wakati wa kwenda kumchukua mtoto, wamekuwa gesi. Elimu yote ile, na mwanamume ameitumia kujificha nyuma yake. Nilikwenda Kambove peke yangu mara ile, na mara nyingine baadaye. Nilimkuta Carine amekonda. Walikuwa wanafunga, wanasali kwa sauti siku nzima, na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Ila aliposimama mbele ya watu wake alikuwa anang'aa. Aliniuliza kitu kimoja tu kuhusu baba yake.

“Bado anasema besi banalala?”

“Bado.”

“Basi eko muzima,” akasema, na akageuka haraka asinionyeshe uso.

Niliporudi nikamwambia Albert kwamba binti yake anaungua. Nikamweleza jinsi alivyokonda. Akasema kwa sauti ndogo kwamba zile nyota za buluu hazidumu, kwamba zinawaka sana kwa sababu ni kubwa na zinamaliza haraka. Alisema kama anajiambia mwenyewe. Nilidhani sasa atainuka. Aliinuka kweli, akaenda kwenye mazoezi na wajane wake.

Mvua za mwisho wa mwaka zikaja na malaria. Albert alianguka darasani, akaletwa nyumbani kwenye mkokoteni. Ilipanda kichwani, alikuwa ananiita kwa majina ya watu waliokufa. Katika zahanati hakukuwa na dawa ya malaria ila kinini, na muuguzi akampa kinini, chupa juu ya chupa, kwa sababu bila hivyo ningekuwa mjane. Namshukuru yule muuguzi mpaka leo. Albert akafumbua macho siku moja, akaomba maji, akauliza kwa nini kengele za kanisa hazinyamazi.

Hakukuwa na kengele. Zilipiga kichwani mwake wiki nzima, kisha zikaanza kwenda mbali, na zilipokwisha zilikwenda na kila sauti nyingine; kinini kilimwachia uhai, kikachukua masikio. Nilisimama nyuma yake nikaangusha sufuria sakafuni kwa makusudi. Hakushtuka. Nikakaa chini palepale karibu na sufuria.

Alichukua diapazoni yake, kile chuma cha pembe mbili alichokuwa anakigonga gotini kutoa nota ya kuanzia. Akakigonga, akakiweka sikioni. Akakigonga tena kwa nguvu. Akakiweka kwenye meno. Nilimtazama kutoka mlangoni. Alifanya hivyo mpaka goti likavimba, kisha akakifunga kwenye kitambaa na kukiweka chini ya nguo.

Tulianza kuzungumza kwa midomo. Mimi nasema polepole, yeye ananitazama mdomo. Alijifunza haraka, maana miaka yote alikuwa akitazama midomo ya waimbaji. Parokiani alisema amechoka, akamwachia Mama Henriette kwaya. Shuleni aliandika ubaoni zaidi na kuuliza kidogo. Hakuna aliyejua ila Jenny na mimi. Kisha asubuhi moja akanikuta nakanda unga, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, ndani ya unga.

“Twende ku Kambove,” akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa mno; alikuwa hajui tena kuipima.

“Sasa?” nikamwambia. “Sasa, Albert? Ulikuwa na masikio mbili nzima!”

Aliyaona maneno hayo mdomoni mwangu. Macho yakamjaa. Nilimhurumia na nilitaka kumpiga, yote mawili kwa pamoja.

“Nilikuwa nangoja arudi,” akasema. “Nilijiambia atarudi, na nitamusikia pale mulango mbele ya kumuona. Nilikuwa mupumbavu, Martine.” Kisha akanishika kwa nguvu. “Carine asiyue kama sisikie. Akiyua, ataniimbia juu ya huruma. Nitaona mikono yake, itanitosha.”

Tulipanda lori la makaa lililokuwa linarudi tupu. Tulikaa juu ya magunia matupu, nguo zetu za Jumapili zikiwa zimefunikwa na kitenge, na njia nzima tulikuwa tunafanya mazoezi. Mtu akikusemesha, nitakubana mkono. Wimbo ukianza, nitakugusa mguu mara moja. Ukiisha, mara mbili, usije ukapiga makofi peke yako. Albert alirudia kama mtoto wa katekisimu. Tulipoona vilima vya mawe ya mgodi akanigeukia.

“Miaka yote sikumuambia hata mara moja,” akasema. “Leo nitamuambia iko muzuri. Hata kama iko mbaya, nitasema iko muzuri.”

Nililia kwa furaha pale juu ya magunia, na vumbi la makaa likaniharibu uso wote. Sikufikiria lingine lolote.

Kanisa lilikuwa miti na maturubai karibu na mashimo ya zamani. Lilikuwa limejaa. Carine alikuwa amesimama mbele na kilemba cheupe, na alipomwona baba yake akiingia, mikono yake ilishuka. Hakuja. Akainama kidogo kwa heshima, akawageukia watu wake. Hakuwa na diapazoni. Aligonga gotini kwa vidole viwili vitupu, kama vile baba yake, akawapa nota kwa mdomo.

Nikamgusa Albert mguu.

Ilikuwa ile Sanctus. Niliijua tangu inaandikwa, mezani kwangu, kati ya sahani. Waliiimba sauti nne, bila makofi. Baadaye niliambiwa aliwakataza makofi alipotuona tunaingia, kwa ajili ya baba yake. Watu wenye vumbi la kijani kwenye kope, mama zao, watoto mgongoni, wanaimba Kilatini cha mume wangu. Sauti ya Carine ilikuwa imekwaruzika pembeni, lakini ilipanda juu yao wote. Albert alikuwa ametulia kabisa. Macho yake hayakutoka kwenye vile vidole viwili. Mkono wake ulikuwa unapiga vipimo juu ya goti, na alikuwa nyuma kidogo, kidogo tu, kama mtu anayefuata mwingine gizani. Nikaweka mkono wangu juu yake kuuficha.

Kwenye Hosana ya pili tenori walipotea. Walipotea vibaya, walishuka wakaburuta besi pamoja nao, na Carine akalazimika kuwainua kwa mkono mpaka wakarudi. Hata mbuzi waliokuwa nje wangelijua. Mimi nilifumba macho.

Ikaisha. Nikamgusa mara mbili. Akapiga makofi.

Carine akaja kwetu akipita kati ya watu. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akamshika mikono yote miwili, naye akamshika kichwa, wakakaa hivyo. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani tumevuka. Kisha mtoto akainua uso, na nikamwona yuko tayari, anatabasamu kwa pembe ya mdomo kama zamani, anangoja kipigo chake.

“Papa, tuliimba namna gani?”

Albert aliyasoma yale maneno yote. Akanyooka, akasema kwa sauti ile kubwa, kanisa zima likasikia:

“Muzuri, mwana wangu. Iko muzuri yote. Hata batenori.”

Tabasamu likabaki usoni kwa Carine muda kidogo, halafu likaondoka. Alimtazama. Akatazama mkono wangu uliokuwa bado unambana mkono. Akasimama polepole, akaja nyuma ya kiti cha baba yake, mahali ambapo yeye hawezi kumwona mdomo, na akaniuliza bila kupunguza sauti hata kidogo, kama mtu anayejua hakuna haja.

“Mama, tangu siku gani Papa hasikie?”

Albert alikuwa bado anawatazama wale tenori, anawaitikia kwa kichwa, uso umemng'aa. Akahisi kwamba kuna kitu nyuma yake. Akanigeukia mimi, kwa furaha yake yote.

“Mama Carine,” akasema, “mutoto anasema nini?”